Tambukareli: Majina na Majengo ya Dodoma ya Kando ya Reli

Miongoni mwa kata za Jiji la Dodoma imo moja iitwayo Tambukareli. Jina hilo ni sentensi kamili: kitenzi cha kuamuru, kisha yambwa. Kutambuka ni kupita juu ya kitu, kama mtu atambukavyo gogo au mfereji. Siku hizi kitenzi hicho husikika zaidi maofisini, katika “masuala mtambuka”, lakini Dodoma kingali na miguu.

Reli ya Kati ilianza kujengwa na Wajerumani kutoka Dar es Salaam mwaka 1905, ikafika Dodoma 1910 na Kigoma 1914. Wagogo walikwisha kuwapo. Simulizi mashuhuri hulinasibisha jina la mji na Idodomya, yaani pamedidimia, kwa sababu ya tembo aliyezama topeni. Etimolojia za wananchi hupenda mno wanyama. Hata hivyo, ikiwa asili ni hiyo, basi wageni waliliandika neno kwa kudondosha irabu ya mwanzo na kiyeyusho cha mwisho. Dodoma Makulu, yenye shina -kulu, “kubwa”, haikuwa kitovu cha mji mpya. Kitovu kilihamia kwenye stesheni.

Tofauti ya majengo ilikuwa kubwa vilevile. Tembe la Mgogo lilikuwa la chini, lenye paa bapa la udongo juu ya miti, vyumba vikiuzunguka ua ambamo mifugo ililala. Lilifaa nyanda kavu zenye upepo mkali. Mji wa reli ulileta paa la bati lenye mteremko, na duka lililoikabili barabara huku familia ikiishi nyuma yake. Hapo ndipo yalipozaliwa Madukani, Uhindini na Uzunguni. Majina mawili ya mwisho hayana haya: yanatamka wazi ubaguzi wa upangaji miji wa kikoloni, ambao ramani za serikali aghalabu ziliusitiri kwa lugha ya afya na usafi. Kiswahili kilieleza tu nani anakaa wapi. Jamatini nako kuna historia yake. Neno la Kiarabu lililokuja na Waismaili kutoka Bara Hindi lilipachikwa kiambishi cha mahali, na hatimaye likawa jina la kituo cha daladala, likitamkwa na makondakta wasiokuwa na haja yoyote ya kujua asili yake.

Mwaka 1973 iliamuliwa kuwa makao makuu yahamie Dodoma, na mwaka 1976 ukakamilika mpango mkuu uliochorwa na wataalamu kutoka Toronto. Mitaa mipya ikaitwa kwa herufi: Eria A, Eria C, Eria D. Herufi humfaa mpimaji wa viwanja, lakini hazimwambii mtoto aliyezaliwa humo neno lolote kuhusu mahali pake. Huo ni umaskini, hata kama barabara zake ni pana kuliko za Madukani.

Serikali ilipoanza kuhamia kwa kasi mwaka 2016, na Dodoma ilipotangazwa kuwa jiji mwaka 2018, thamani ya ardhi ya katikati ya mji ilipanda. Nyumba ya ghorofa moja iliyo karibu na stesheni sasa hutazamwa kama kiwanja. Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 huyahesabu moja kwa moja kuwa ya kale majengo yaliyojengwa kabla ya 1863. Ya baadaye hulindwa pale tu Waziri anapoyatangaza. Kwa kipimo hicho, mji uliozaliwa 1910 ni mchanga mno kuhifadhiwa na mkongwe mno kuachwa usimame. Wanaobomoa hawavunji sheria, na wanaohamia hawana wa kuwaeleza kwa nini pao panaitwa Uhindini.

Treni ya umeme ilianza safari zake kati ya Dar es Salaam na Dodoma mwaka 2024. Njia yake imezungushiwa uzio, na wapitao huvuka juu yake au chini yake kwa vivuko maalumu. Haitambukwi.