Mashine Iliyokataa Kukamua

Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Methali hii hukaririwa katika kila darasa la Kiswahili: huandikwa ubaoni, hutolewa maana na matumizi, kisha hufutwa. Kijana mmoja wa Garsen, mwanafunzi wa mwaka wa pili chuoni, alikuwa ameifafanua katika mtihani na kupata alama zote. Haikumpitia akilini kwamba angekuja kujifunza maana yake upya akiwa amepiga magoti kwenye sakafu iliyolowa, nyuma ya mashine kuukuu ya kufulia nguo, katika likizo ya Aprili mwaka wa 2024.

Mashine hiyo ilikuwa mali ya mamake. Aliinunua Mombasa ikiwa tayari imetumika, ikaletwa kwa lori kupitia Malindi. Kwayo alifua mashuka ya nyumba moja ya wageni iliyo kando ya barabara, upande wa Minjila, mahali ambapo msafiri wa Lamu na msafiri wa Hola huachana njia. Kila shuka lilikuwa na bei yake, na ni senti hizo za shuka mojamoja zilizomlipia kijana karo tangu alipojiunga na chuo.

Ugonjwa wa mashine ulianza mwanzoni mwa mwaka huo. Ilifua vyema, ikasuuza vyema, lakini ilipofika kwenye kukamua, nguo zilitoka zikichuruzika maji kama zilizoopolewa mtoni. Mwezi wa Januari na Februari jua la Garsen liliificha kasoro hiyo. Shuka lililoanikwa asubuhi lilikuwa kavu kabla ya adhana ya adhuhuri, na hakuna aliyelalamika. Masika yalipoingia, siri ilifichuka. Mashuka yalikaa kambani siku mbili yakinyonya unyevu badala ya kuutoa, na siku ya tatu yalinuka uvundo. Mama akaanza kuyakamua kwa mikono, moja baada ya jingine, hadi viwiko vikawa vinamuuma usiku. Mwenye nyumba ya wageni, mtu mwungwana asiyependa makuu, alimwambia kwa upole lakini bila kupindisha maneno kwamba yakija mabichi tena Ijumaa, angelazimika kutafuta mfuaji mwingine.

Fundi mmoja wa mjini aliitwa. Aliiwasha mashine, akaitegea sikio, akatikisa kichwa na kutoa hukumu kuwa mota ilikuwa imekwisha. Mota nyingine ingegharimu shilingi 14,000. Ndani ya sanduku la Mama mlikuwa na shilingi 15,000, nazo zilikuwa salio la karo ya kijana. Mama alizihesabu mara mbili, akazifunga kwenye ncha ya leso, akawa tayari kumpa fundi. Kwa hesabu yake, mashine ikipona karo itapatikana tena, ila mashine ikifa hakuna kitakachopatikana.

"Nipe siku mbili, Mama," kijana akasema.

Siku ya kwanza aliiendea kazi kwa majivuno ya msomi. Alikuwa amesoma maelezo kwenye simu yake, akajiona ameiva. Mama alisimama mlangoni akamwambia, "Mwanangu, mashine hii ilikuwa nzima kabla ya mafuriko. Tangu tulipoirudisha hapa, haipigi mluzi tena." Kijana akajibu, "Sawa, Mama," kwa sauti ile ambayo mtu humtumia mtoto anayemwingilia kazini.

Alichomoa waya kwenye umeme kama inavyopasa, akafungua bati la nyuma kwa bisibisi. Mkanda uliounganisha mota na pipa ulikuwa mzima, haukulegea wala kuchanika. Alipoirudishia bati na kuiwasha, mota ilizungusha pipa bila shida wakati wa kufua. Hapo aling'amua jambo moja la maana: mota iliyokufa haiwezi kufua ikakataa kukamua tu. Hata hivyo, mota iliyochoka ingeweza kufua polepole na kushindwa kasi, kwa hiyo maneno ya fundi hayakuwa yamekanushwa bado. Akapunguza nguo zikawa nusu. Zikatoka zimelowa. Akabadilisha programu. Zikatoka zimelowa. Jioni ilipofika hakuwa amesonga mbele hata hatua moja, na usiku alimsikia mamake uani akikamua mashuka gizani, akipumzika kila baada ya shuka moja.

Sauti hiyo ndiyo iliyomfundisha adabu. Asubuhi ya siku ya pili hakuigusa bisibisi. Aliketi kwenye kigoda jikoni, akauliza, "Mama, ule mluzi uliosema jana, ulikuwa mluzi gani?"

Mama akaeleza. Zamani, kazi ilipokuwa ukingoni, mashine ilinguruma, kisha sauti ikapanda na kupanda hadi ikawa mluzi mwembamba, na karai lililowekwa juu yake likacheza. Sasa inanguruma, inasita, inanguruma tena, halafu inazima. Povu nalo hubaki limeganda kwenye kioo cha mlango. Kisha akakumbusha ya mafuriko ya mwishoni mwa 2023. Maji ya Tana yalipotanda, majirani waliipakia mashine kwenye mkokoteni wakaipeleka penye mwinuko. Maji yalipopungua waliirudisha, wakaisukuma hadi kwenye pembe ya chumba, ikagusa ukuta kabisa ili isinyeshewe na paa linalovuja.

Yote aliyokuwa akiyatafuta kwenye simu yalikuwa ndani ya maneno hayo. Mluzi ulikuwa ni kasi. Nguo iliyo katika pipa lenye kipenyo cha nusu mita, likizunguka mara 1,000 kwa dakika, husukumwa ukingoni kwa nguvu inayokaribia mara 280 ya uzito wake, na maji hutoroka kupitia matundu ya pipa. Likizunguka mara 400, nguvu hiyo hushuka hadi mara 45 hivi. Kasi ikipungua kwa nusu, nguvu haibaki nusu, bali robo. Kwa hiyo mashine inayozunguka bila kufikia mluzi huonekana inafanya kazi, kumbe nguo zinatembezwa tu.

Kwa nini basi ikose kasi? Mashine za aina hiyo zimeundwa zikatae kukimbia maadamu kuna maji chini ya pipa. Kuna kifaa kidogo kinachopima shinikizo la maji, na hakitoi ruhusa mpaka maji yatoke. Fundi alikuwa ameichunguza miguu ya mgonjwa aliyezibwa koo.

Kijana alichomoa waya tena, akatandaza matambara, akatega karai chini ya kidirisha kidogo kilicho mbele, chini kabisa ya mashine. Akalifungua chujio polepole. Maji meusi yenye harufu yakatoka, karai likajaa mara mbili. Ndani ya chujio mlikuwa na nyuzi za mashuka, kifungo kimoja, sarafu ya shilingi 1, na tope laini lililoshikamana kama uji ulioganda.

Tope hilo lilikuwa limesafiri. Tana huanzia kwenye nyanda za juu za Mlima Kenya na Aberdare, na hutiririka takriban kilomita 1,000 hadi Bahari Hindi, ukibeba udongo wa mashamba ya watu wengi. Mifereji ya mji ilipokauka, Mama alitumia maji ya mto, akiyaacha yatuame usiku mmoja kwenye mtungi, lakini udongo mwembamba hautuami kwa usiku mmoja. Huko juu, mto huohuo huzungusha mitambo ya umeme ya Masinga, Kamburu, Gitaru, Kindaruma na Kiambere. Mto uliochangia nguvu ya kuiendesha mashine ndio uliokuwa umeikaba.

Chujio likasafishwa, mashine ikawashwa. Ilikamua vizuri zaidi, lakini haikupiga mluzi. Mtu mwenye pupa angeridhika hapo, au angerudi kwenye hukumu ya mota. Mama alinyoosha kidole. "Ukutani," akasema.

Wakaivuta wawili. Mpira wa kutolea maji ulikuwa umebanwa na ukuta, umejikunja kama goti, na katika kunjo hilo donge la tope lilikuwa limekaa. Wakaunyoosha, wakapitisha maji hadi yakatoka safi. Mguu mmoja wa mashine nao ulikuwa ukining'inia kwa sababu sakafu ya pembe ile haikuwa sawa. Mashine inayoyumba hujipunguzia kasi yenyewe isije ikajivunja. Kijana aliuzungusha mguu kwa spana hadi ikatulia hata ilipotikiswa kwa mikono miwili. Likabaki lile povu. Sabuni ya unga ya kufulia kwa mkono hutoa povu jingi, nalo likijaa pipani huzuia maji kutoka na pipa kukimbia. Wakaipunguza hadi robo ya kipimo cha kawaida.

"Nami nilidhani povu jingi ndilo usafi mwingi," Mama akasema, akacheka kwa mara ya kwanza juma lile.

Waliingiza mashuka sita. Mashine ikafua, ikasuuza, ikatapika maji kwa kishindo. Ikanguruma. Sauti ikapanda, karai likaanza kucheza, na mluzi mwembamba ukajaa chumba. Mama alifumba macho akausikiliza hadi ulipokoma. Akatoa shuka la kwanza, akalisokota kwa nguvu zake zote. Halikudondosha hata tone. Nje mvua ilikuwa ikinyesha, wakayaanika barazani, na upepo wa usiku ukamaliza kazi iliyobaki.

Ijumaa mashuka yalifika yakiwa makavu, yamekunjwa. Zile shilingi 15,000 zilirudi sandukuni, na kutoka sandukuni zikaenda chuoni. Kasoro hazikuwa moja. Ya kwanza ililetwa na mto, ya pili na ukuta, ya tatu na sabuni, na kila moja ilijificha nyuma ya nyingine. Wala hakuna hata moja iliyohitaji kununuliwa kitu. Ilihitajika kuulizwa swali moja, tena aulizwe aliyeishi na mashine hiyo kila siku: ilianza lini, na kabla ya hapo ilikuwaje?

Majuma machache baadaye mto ulifurika tena, na mkokoteni ukaitwa tena. Maji yalipopungua, wabebaji waliirudisha mashine na kutaka kuisukuma pembeni kama zamani. Mama aliweka kiganja chake baina ya mashine na ukuta, akawaambia, "Mwisho ni hapa."