Thamani ya Chungu Kisicho na Jina

Katika mji wa Tokoname nchini Japani, ambako tanuri za udongo zimewaka kwa karne nyingi, hufinyangwa vyungu vipana na vifupi visivyofaa kupikia wala kuchotea maji. Kazi yake ni moja: kubeba bonsai, mti uliodumazwa kwa kupogolewa matawi na mizizi miaka nenda miaka rudi, hata ukawa na umbo la mzee wa msituni katika kimo cha mtoto. Chungu kimoja cha namna hiyo, kikitoka mikononi mwa fundi anayejulikana, chaweza kugharimu bei ya ng'ombe kadhaa wa Karagwe. Mfinyanzi wa Karagwe akisimuliwa habari hii atacheka, na ana haki ya kucheka. Chungu kimetobolewa kitako makusudi, kisha kinauzwa ghali kuliko kizima!

Kicheko kikipita, hesabu ile huonekana si ya wazimu. Matundu yale huondoa maji yasije yakaozesha mizizi. Msonobari hupewa chungu kisichotiwa rangi ya kung'aa, ili jicho la mtazamaji lisiuache mti likafuata chombo. Na udongo una inda yake: ukikauka hunywea, na sinia pana lenye kingo fupi ni jepesi kupinda likiwa motoni. Kwa hiyo kile kilichosalimika humlipia fundi vile vilivyoharibika. Aghalabu chini yake pana muhuri wake, nao mnunuzi huutafuta kwanza. Kikiisha kutumika miaka mingi, kikapata weusi wa maji na mikono, bei huzidi kupanda.

Sasa tazama Karagwe na Kyerwa, wilaya zilizokuwa moja hadi Kyerwa ilipomegwa mwaka 2012. Huku udongo wa kufinyangia hutoka mabondeni, kwenye unyevu, nao ni mzito kuubeba kupanda kilima. Utapondwa, utachambuliwa mawe na mizizi, utachanganywa na mchanga au magae yaliyosagwa ili usipasuke. Hakuna gurudumu. Mfinyanzi huviringa udongo kama kamba, akaupandisha duara juu ya duara, akausawazisha kwa kigae au kipande cha kibuyu. Kisha ni kungoja kivulini, maana jua kali hukipasua chungu kibichi. Mwisho ni moto wa wazi, wa kuni na nyasi, usio na mlango wala kipimo. Upepo ukigeuka, au unyevu ukiwa umebaki ndani ya udongo, kazi ya siku nyingi hupasuka kwa mshindo mmoja.

Hapo ndipo tofauti inapoanza. Gharama ya vilivyopasuka haipandi mizani sokoni. Chungu kinachofika mnadani Omurushaka au Nkwenda hupatanwa bei kana kwamba kilizaliwa peke yake, pasipo ndugu waliokufa motoni, tena kimewekwa karibu na ndoo ya plastiki isiyojua kuvunjika. Ajabu ya lugha yetu ni kwamba chungu ni chombo, na chungu ni ladha. Mshairi hana haja ya kutafuta kina. Wahenga nao walikwisha kusema kwamba mfinyanzi hulia gaeni. Methali hiyo husemwa kwa kejeli, kana kwamba mfinyanzi ni mzembe wa nyumbani kwake, ilhali yaweza kusikika kama hesabu tupu: kizima kimeuzwa, na fedha yake haikutosha kumbakishia kingine.

Watu wa pwani wasijione wamesalimika. Makaburi ya kale ya Kunduchi yalipambwa kwa sahani za Kichina, na msafiri huzisifu mpaka leo. Lakini wachimbuaji wa miji ya kale ya Waswahili wamekuta kwamba vigae vya kigeni ni sehemu ndogo sana ya magae yote. Vilivyobaki ni vya vyungu vya hapa hapa, vilivyopika wali na samaki wa mji mzima. Cha mgeni kilipandishwa kaburini, cha mwenyeji kikatupwa jaani.

Karagwe yenyewe ilikuwa na upendeleo wake. John Hanning Speke alipofika mwaka 1861, katika utawala wa Rumanyika, ufalme ule ulikuwa na sifa ya chuma, na hazina yake ya ng'ombe wa chuma waliofuliwa kwa ustadi inatajwa vitabuni hadi leo. Lakini katika uyeyushaji wa chuma wa nchi za Kagera upepo wa mivukuto uliingia tanurini kwa kewa, na kewa ni mrija wa udongo. Mhunzi akapata ukaribu na kiti cha enzi. Udongo uliobeba pumzi ya moto wake ukabaki taka pembeni mwa tanuri.

Na muhuri? Magharibi mwa Ziwa Victoria vimepatikana vyungu vya miaka kama elfu mbili, vya aina iitwayo Urewe kwa jina la mahali palipo Siaya, Kenya. Wataalamu walipoviandika mwaka 1948 waliviita kwa alama yake: kibonyeo kitakoni, kama kilichobonyezwa kwa kidole udongo ungali mbichi.

Magdalene Odundo, aliyezaliwa Nairobi mwaka 1950, hujenga vyungu vyake kwa mkono bila gurudumu, huvisugua hata vikang'aa, huvichoma vikawa vyekundu au vyeusi. Vimo katika Makumbusho ya Uingereza, na mwaka 2020 alipewa cheo cha Dame. Ustadi wake ni wake, haukopwi. Lakini njia ya mkono wake mama wa Kyerwa angeitambua mara moja, bila mkalimani. Kinachomkosa mama huyu ni mnunuzi anayeuliza, "Hiki kimefinyangwa na nani?" Kahawa ya milima ile ile husafiri ng'ambo ikiwa na jina la Karagwe guniani. Chungu hakijapewa hata hilo.

Sokoni mnunuzi hukigonga kwa kifundo cha kidole, akatega sikio kama kina ufa. Kikilia vizuri, hukipindua, akatazama kitako, akauliza bei.