Kidude Kilichomleta Babu Nyumbani

Babu yangu sikumwona kwa macho haya. Aliaga dunia mwaka wa 2007, kabla sijazaliwa. Nilichokijua juu yake ni picha moja iliyofifia ukutani na kaseti nne zilizofungwa kwa kitambaa ndani ya sanduku la nyanya. Kaseti hizo ziliandikwa kwa kalamu ya wino: moja 1986, moja 1988, na mbili 1991. Babu alikuwa mpiga obokano, ile ala yetu kubwa ya Abagusii yenye nyuzi nane na sauti nzito inayovuma kama nyuki mzingani.

Tangu mwaka jana nyanya anaugua miguu na hatoki nyumbani kwake, ambako ni hatua kama arobaini kutoka kwetu. Redio yake ya kaseti ilikufa zamani. Jioni moja nilipompelekea uji aliniambia, "Mjukuu wangu, kabla sijaenda nataka nimsikie mzee wangu tena." Nilirudi nyumbani nikiwa na mawazo chungu nzima.

Siku ya Jumamosi niliamka majogoo na kushika njia hadi sokoni Nyaramba, kwa mjomba ambaye ni fundi wa simu. Mjomba ni mtu wa maneno machache. Alivuta droo akatoa kibao cha kijani kibichi, kikubwa kama kitambulisho tu, kimejaa vichuma. "Hii ni kompyuta," akasema. Nilicheka. Hakucheka. Ilikuwa Raspberry Pi 3, ile iliyotoka mwaka wa 2016 na ambayo ilikuwa ya kwanza katika jamii yake kuwa na waifai ndani. Za kwanza kabisa zilianza kuuzwa tarehe 29 Februari 2012 kule Uingereza, na nia ya walioziunda ilikuwa vijana kama sisi wajifunze kompyuta kwa bei nafuu.

Mpango wa mjomba ulikuwa huu. Nyimbo zikae ndani ya kipakatalishi chake kuukuu, ambacho aliniazima. Kipakatalishi kiwekwe nyumbani kwetu. Kidude kikae kwa nyanya, kimeunganishwa na amplifaya na spika, kazi yake iwe kupokea sauti kupitia waifai na kuitoa, basi. Hatukuhitaji intaneti wala bando hata la shilingi kumi, kwani ruta ndogo ya zamani ilitosha kuvifanya viongee vyenyewe kwa vyenyewe. "Hicho kidude ni sikio na mdomo," mjomba alinionya. "Usikifanye ghala."

Kunakili kaseti kulichukua wiki mbili, maana dakika tisini za kaseti ni dakika tisini za kungoja. Ile ya 1988 ilitafunwa na redio ya kuazima punde tu ilipomaliza kunakiliwa. Utepe ulitoka umekunjamana kama tambi. Nilijipa moyo kwamba nakala ninayo.

Siku ya kwanza kidude kilikuwa kikizima na kuwaka, kikizima na kuwaka. Kumbe chaja ya simu niliyotumia ilikuwa dhaifu, nacho kinataka volti 5 na ampea 2.5. Tulipobadilisha chaja kikatulia, lakini sauti ikawa na mkwaruzo. Mimi nilidhani ndiyo obokano yenyewe. Nyanya akainua mkono: "Hapana. Obokano huvuma chini. Huyu anayelia juu ni nani?" Bibi wa miaka themanini na kitu alikuwa amegundua kasoro ambayo mimi mwanasayansi wa kidato cha tatu sikuisikia! Tundu la sauti la kibao hicho si safi sana. Mjomba alileta kadi ndogo ya sauti ya kuchomeka kwenye USB na yule mlizi wa juu akanyamaza.

Halafu mama naye akataka kusikia jikoni. Nikatumia simu kuukuu kuwa spika ya pili, lakini jikoni babu aliimba, kisha kwa nyanya akaimba tena nyuma yake kama mwangwi. Ilikuwa kero. Dawa ilikuwa programu iitwayo Snapcast. Yenyewe hukata sauti vipande vipande, kila kipande kikipigwa muhuri wa saa, na vifaa vyote husubiri saa hiyo ifike ndipo vikitoe pamoja. Jioni ile nilisimama uani katikati ya nyumba mbili na kumsikia babu kutoka pande zote. Machozi yalinitoka, nami sikumwambia mtu.

Lakini asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Mjomba alihitaji kipakatalishi chake kwa kazi. Badala ya kumwomba siku mbili nitafute mahali pengine pa kuweka nyimbo, nilizihamishia zote kwenye kadi ya kumbukumbu ya kidude na kuzifuta kule. Alhamisi alasiri mvua ya mawe ilinyesha, radi ikapiga, stima ikapotea, ikarudi, ikapotea tena. Iliporudi mara ya mwisho kidude hakikuamka. Mjomba aliiangalia kadi, akatikisa kichwa. Kadi za namna hiyo hazipendi kukatiwa umeme zikiwa kazini.

Kaseti tatu ningeweza kuzinakili upya, na nimefanya hivyo. Ya 1988 haikuwa na pa kurudia.

Nilikaa siku tatu bila kupita kwa nyanya, nikisingizia mitihani. Ya nne nikaingia, nikapiga magoti kando ya kitanda na kumweleza yote. Alinyamaza kitambo. Nilitamani ardhi ipasuke inimeze.

"Ni ipi?" akauliza.

"Ya 1988, nyanya."

"Hiyo ilikuwa harusi ya shangazi yako." Akafumba macho, akaanza kuvumisha kwa chini chini, vidole vyake vikipigapiga blanketi kana kwamba vinatafuta nyuzi. Nilichomoa simu haraka nikabonyeza kurekodi. Aliimba beti mbili. Ya tatu ilimpotea, akasema nirudi Jumapili huenda ikawa imemjia.

Jumapili haikumjia. Wimbo huo sasa ni wa dakika tatu hivi, sauti ni ya nyanya na kuku wawili mlangoni, na obokano hamna. Nimeuweka kwa mjomba, kwa simu ya mama na kwa kompyuta ya shule, ambayo mwalimu wetu wa chama aliniruhusu. Kidude kimepata kadi mpya, na hakihifadhi kitu.