Waulizeni Kabla ya Moto

Ndugu zangu wa nyumbani Kenya,

Nawaandikia kutoka Bergen, magharibi mwa Norwei. Nilikuwa nimepanga kuwaandikia juu ya mwanga wa kiangazi, maana saa tano za usiku watoto bado wanacheza mpira nje. Lakini ujumbe wa dada yangu umenibadilisha nia. Mpwa wangu yuko nyumbani tena. Shule yao imefungwa katikati ya muhula wa pili, wiki chache kabla ya mtihani wa majaribio, baada ya wanafunzi kuvunja vioo na kukesha nje ya mabweni wakipiga kelele. Kila mmoja amekabidhiwa barua: arudi na mzazi, tena na pesa za kulipia uharibifu.

Nikampigia kijana simu nimuulize kulikoni. "Mjomba, ni maji na chakula," akaniambia. "Tulianza kusema tangu muhula wa kwanza." Nikamuuliza walimwambia nani. Walimwambia kiranja. Na kiranja akamwambia nani? Kijana akanyamaza kidogo, kisha akasema, "Kiranja ni wa mwalimu."

Ndugu zangu, sitetei uvunjaji wa vioo. Aliyevunja alipe. Lakini watoto zaidi ya elfu moja wakae miezi mitano na malalamiko ya maji, na katika shule nzima asipatikane hata mtu mmoja ambaye kazi yake ni kuyapokea na kuyajibu? Hilo ni kosa la wakubwa, na leo nitalisema bila kuzunguka.

Kwanza niwaeleze ya huku. Shule ya msingi ya Norwei huenda hadi darasa la 10, kisha mtoto huingia sekondari ya juu. Kwa miaka mingi sheria imetaka shule ya msingi iwe na baraza la wanafunzi wa madarasa ya juu, wenyewe huliita elevråd, na sekondari vilevile. Sheria mpya ya elimu ilianza kutumika Agosti 2024, na haikulegeza chochote hapo: mwanafunzi ana haki ya kushiriki katika mambo yanayomhusu shuleni, kutoa maoni yake kwa uhuru na kusikilizwa. Ni haki yake kisheria. Mwalimu mkuu akiwa mpole au mkali, haki haibadiliki.

Binti yangu yuko darasa la 8, na mwaka huu wenzake walimchagua awe mwakilishi wao. Walipiga kura ya siri kwenye vipande vya karatasi mwanzoni mwa mwaka wa shule. Mwalimu alisimamia kuhesabu. Hakuteua mtu, wala hakufuta jina la mtu.

Siku moja alikuja na kumbukumbu za mkutano wao, nikazisoma jikoni. Ukurasa mmoja tu. Upande wa kushoto liliandikwa jambo lenyewe, katikati jina la atakayelishughulikia, kulia tarehe ya kujibu. Komeo la choo cha wasichana ghorofa ya pili limevunjika: msimamizi wa majengo, Ijumaa. Mitihani mitatu imerundikwa katika wiki moja: naibu mwalimu mkuu akae na walimu wa darasa la 8, wiki ijayo. Wanafunzi wanataka kutumia simu wakati wa mapumziko: mwalimu mkuu, hapo hapo mkutanoni.

Simu zilikataliwa. Mwalimu mkuu alikuja mwenyewe, akaketi nao, akawaeleza kwamba serikali imependekeza shule zisiwe na simu, na kwamba walimu wanaona watoto wakizungumza zaidi uwanjani tangu simu ziwekwe kando. Jibu lake likawa hapana. Binti yangu alirudi amenuna. Lakini alijua kwa nini amekataliwa, na nani amemkataa, na kwamba mwakani anaweza kulileta tena jambo lile akiwa na hoja bora. Komeo lilitengenezwa. Mtihani mmoja ukasogezwa mbele.

Mambo hayaishii kwenye komeo. Mtoto akionewa na wenzake au na mwalimu, shule inalazimika kuchunguza, kumsikiliza yeye mwenyewe, na kuandika mpango wa hatua zitakazochukuliwa. Mwalimu mkuu akiambiwa na asifanye kitu, baada ya wiki moja mwanafunzi au mzazi anaweza kupeleka shauri kwa mwakilishi wa serikali kuu wa mkoa, naye ana nguvu ya kuiamuru shule. Aidha, kila mwaka wanafunzi wa darasa la 7, la 10 na mwaka wa kwanza wa sekondari ya juu hujaza dodoso la serikali kuhusu usalama, uonevu na ufundishaji. Mkaguzi hafiki shuleni kupokelewa kwa ngoma na chai ya maziwa. Anaweza kufika akiwa amekwisha kusoma walichosema watoto.

Lililonishangaza zaidi ni jinsi wanavyoaminiwa na mambo makubwa. Kabla ya uchaguzi wa bunge, wanafunzi wa sekondari ya juu hupiga kura yao ya mazoezi shuleni, vyama vikaja kujinadi na kuhojiwa nao, na matokeo yakatangazwa nchi nzima. Tangu 1964 kuna pia siku moja kila mwaka ambayo wanafunzi huacha vitabu wakaenda kufanya kazi za mikono na za ofisini, na ujira wao ukalipia elimu ya vijana katika nchi nyingine. Pesa hizo zinakwenda kwa mradi gani? Huamuliwa na wanafunzi wenyewe, katika mkutano wao wa kitaifa, kwa kura.

Tofauti ni hii. Huku mwanafunzi huulizwa kabla. Kwetu huulizwa baada: baada ya vioo kuvunjika, mbele ya polisi, mzazi akiwa ameinama pembeni kwa aibu. Huku swali ni "Mnaonaje?" Kwetu swali ni "Nani aliwachochea?"

Na gharama ya kuuliza baada tunaijua, kwa sababu tumezika. Mei 1999, katika Shule ya Upili ya Nyeri, viranja wanne walichomwa moto wakiwa wamelala katika chumba chao, wakafa. Waliowachoma walitenda unyama, hakuna neno la kuupunguza. Lakini tujiulize sisi wakubwa: kwa nini tuliwapa watoto kazi ya kuwapiga, kuwaadhibu na kuwachongea watoto wenzao, kisha tukawaita viongozi wa wanafunzi? Machi 2001, Kyanguli, Machakos, wavulana 67 waliteketea bwenini katika moto uliowashwa makusudi. Mlango mmoja ulikuwa umefungwa, na madirisha yalikuwa na vyuma. Nani alijua kabla ya wote kwamba mlango ule haufunguki? Ni yule aliyelala karibu nao. Lakini ushahidi wake hautafutwi mpaka awe manusura au maiti.

Msiniambie kwamba haya ni mambo ya Wazungu. Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Mtoto, ambao kifungu chake cha 12 kinampa mtoto haki ya kutoa maoni katika mambo yanayomhusu na maoni hayo kuzingatiwa, Kenya iliuridhia Julai 1990. Norwei iliuridhia Januari 1991. Tulitangulia sisi! Mwaka 2009 Wizara ya Elimu, wakuu wa shule za upili na UNICEF walianzisha mpango wa mabaraza ya wanafunzi, ili viongozi wachaguliwe na wenzao badala ya kuteuliwa na walimu. Na Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013 ikasema waziwazi kwamba katika bodi ya usimamizi ya shule, pamoja na wazazi, mwalimu na wawakilishi wa mfadhili, awemo mwakilishi wa baraza la wanafunzi kwa wadhifa wake.

Sasa nambieni ukweli. Ni shule ngapi mnazozijua ambako kura hupigwa, kisha majina yakapelekwa ofisini, yakarudi mengine kabisa? Ni bodi ngapi humwita mwanafunzi aombe dua ya kufungua kikao na kumwaga maji ya kunawa, kisha akaambiwa arudi darasani kabla ya kusomwa ajenda ya chakula? Tunawapenda watoto wetu, hilo halina ubishi. Tunauza ng'ombe na vipande vya shamba tuwalipie karo. Lakini tukishalipa, tunamtaka mtoto awe na masikio bila kinywa. Kisha mtoto huyohuyo, akiwa kidato cha nne na amefikisha miaka 18, anachukua kitambulisho na kumpigia kura rais wa nchi, ilhali hajaruhusiwa kumchagua msimamizi wa bweni lake.

Najua jibu la wazee: watatupanda kichwani. Wazee wangu, hata mimi silipendi kila jambo la huku. Mtoto kumwita mwalimu kwa jina lake tupu bado hunikereketa, na siwaombi mlilete nyumbani. Mtoto aamkie shikamoo, asimame mwalimu anapoingia, kisha aseme kwa adabu kwamba maji ya kunywa yana harufu. Heshima na usemi vinakaa nyumba moja bila kugombana. Najua pia jibu la pili: hatuna pesa. Ni pesa gani inayotumika kuketi na wanafunzi kwa saa moja na kuandika ukurasa mmoja? Vioo ndivyo vyenye bei.

Kwa hiyo, walimu wakuu, nawaomba myafanye haya. Uchaguzi uwe wa kura ya siri, kura zihesabiwe mbele ya wanafunzi, na aliyeshinda asikatwe ofisini. Tenganisheni kazi mbili: anayewawakilisha wanafunzi asiwe ndiye anayeandika majina ya wapiga kelele na kusimamia adhabu, maana hakuna atakayemfungulia moyo. Baraza likutane na mwalimu mkuu angalau mara mbili kila muhula, na ajenda iwe ya kweli: chakula, maji, vyoo, usalama wa mabweni, adhabu, ratiba ya mitihani. Kila jambo lijibiwe katika wiki mbili kwa maandishi, libandikwe kwenye ubao wa matangazo. Jibu likiwa hapana, liwe na sababu. Mwakilishi aketi katika kikao cha bodi tangu ajenda ya kwanza hadi ya mwisho, atoke tu mnapojadili faili la siri la mwalimu au la mwanafunzi mwenzake. Tengeni fungu dogo la pesa ambalo baraza litaamua litumikeje, na wanafunzi wasomewe hesabu yake. Na juu ya yote, mwanafunzi asiadhibiwe kwa sababu alisema. Ukimsimamisha masomo mmoja aliyelalamika kwa adabu, umewafundisha wengine mia kwamba adabu haisaidii.

Wazazi, katika mkutano ujao msiulize tu juu ya alama na karo. Ulizeni: mwakilishi wa wanafunzi ni nani, alichaguliwaje, bodi ilimsikiliza lini mara ya mwisho, na alisema nini? Ombeni mwoneshwe bweni, msukume mlango kwa mikono yenu. Mwongozo wa wizara wa usalama shuleni, uliotolewa 2008, unataka milango ya bweni ifunguke kwa nje na madirisha yasiwe na vyuma. Mkikuta kinyume, semeni hapo hapo.

Nanyi wanangu mlio shuleni, haki hii ina kazi yake. Ukipeleka lalamiko la chakula, peleka na tarehe, kiasi kilichopakuliwa na majina ya waliougua. Mchagueni mtu anayejua kusikiliza, msimchague kwa sababu anacheza mpira vizuri au hugawa mkate. Mkikataliwa, mrudi na hoja nyingine. Na kiberiti msikiguse kamwe. Moto haujui aliye na haki na asiye nayo, na waliokufa Kyanguli walikuwa watoto kama ninyi.

Usipoziba ufa utajenga ukuta, na sisi tumejenga kuta nyingi mno za mabweni yaliyoungua. Wajumbe wa bodi, sheria mnayo tangu 2013 na haihitaji kibali kingine kutoka Nairobi. Mpeni mwakilishi wa wanafunzi kiti chake, na kikao chenu kijacho kisifunguliwe kabla hajaketi.

Wenu katika mapenzi ya nyumbani,
Bergen, Norwei