Kabla ya Nguvu, Nionyeshe Breki Zako

Niseme mapema tusipotezeane muda: egzosi inayopiga kelele si apgredi. Ni kelele. Ukipita Ndia Kuu saa tano usiku na kile kitu kinanguruma, kuta za kule ziko karibu karibu, mlio unakurudia mara tatu, mtoto wa watu anaamka na mzee aliyekaa barazani anakutaja wewe na ukoo wako. Na gari halijaongeza mwendo hata chembe. NEMA nao wana kanuni za kelele tangu 2009, kwa hivyo hata sheria haiko upande wako.

Nasema haya nikiwa mgonjwa wa magari hayo hayo. Naendesha Suzuki Swift Sport, ile ZC32S, ya 2013, gia za mkono, sita. Wanaoijua washatabasamu. Injini ni M16A ya lita 1.6, haina tabo, inatoa nguvu za farasi 136, na gari zima lina kilo elfu moja na kidogo tu. Dogo, jepesi, lina kiherehere. Liliingia Kenya likiwa na miaka saba, manake kiwango cha KS 1515 hakiruhusu gari la mtumba lililopita miaka minane tangu lisajiliwe mara ya kwanza. Na lilishukia hapo Kilindini. Sisi watu wa kisiwani tuna bahati hiyo, magari ya nchi nzima yanashuka mlangoni petu, na bado tunapigwa kama wageni.

Kwa nini nasema tunapigwa? Sikiza. Sevisi ya kwanza ya hili gari ilifanywa na gereji moja, siitaji. Nikalipa, nikapewa risiti: oili, filta ya oili, filta ya hewa. Wiki tatu baadaye nikafungua kasha la filta ya hewa kwa udadisi tu, nikakuta filta nyeusi kama makaa, ina majani makavu ya mti ambao Mombasa haupo. Nikaingia chini na tochi. Filta ya oili ilikuwa ya zamani vile vile, imeandikwa kwa kalamu nyeupe, maandishi ya Kijapani na namba: 91,000. Nikatoka chini ya gari nikawasha swichi nitazame mita. Mita ilisoma 64,000 na ushee.

Ikae hiyo kidogo. Filta moja imenifunulia watu wawili kwa mpigo: aliyelipwa asibadilishe, na aliyerudisha mita nyuma kabla gari halijanifikia.

Tangu siku ile hakuna spana ya mtu mwingine inayogusa gari langu mpaka niwe nimesimama pale pale. Kazi nyingi nafanya mwenyewe. Na wale mnaosema "mimi naishi Mji wa Kale, nitatengenezea wapi?", mimi pia naishi Kibokoni, ndani ndani, ambako tuktuk yenyewe inapita kwa dua. Gari linalala nje, kwenye barabara kubwa. Jumapili alfajiri, kabla jua halijawa kali na kabla watalii hawajaanza kumiminika Ngome, nabeba vyombo kwenye ndoo: soketi, spana ya magurudumu, jeki, stendi mbili na vipande viwili vya mbao vya kuwekea stendi, kwa sababu chini pale si sawa. Stendi si hiari. Jeki ni ya kuinulia, si ya kulalia chini yake, na anayekwambia "ni dakika mbili tu" mwambie alale yeye.

Oili yenyewe haina siri. Pasha injini kidogo, fungua nati ya chini, iache ichuruzike mpaka iwe matone, filta mpya ipake oili kidogo kwenye mpira wake, ikaze kwa mkono. Natumia 5W-30 na nabadilisha kila kilomita 5,000, manake safari zangu ni fupi na za foleni. Injini inayosota kwenye jua la Makupa nusu saa inafanya kazi ambayo mita haihesabu. Kitu cha kuangalia zaidi ni oili unanunua wapi. Mkebe mzuri wenye kifuniko kilichochezewa usiuchukue hata ukipewa kwa nusu bei. Hasa ukipewa kwa nusu bei.

Sasa tuje kwenye nguvu, maana najua ndiyo iliyowaleta.

Kuna apgredi ambayo wengi hawajui wanayo tayari: bahari. Nairobi iko zaidi ya mita 1,600 juu, hewa ya kule ni nyepesi, na injini isiyo na tabo hupoteza kama asilimia 15 ya nguvu zake. Sisi tuko usawa wa bahari, injini inavuta hewa nzito, inapumua kifua kizima. Gari lako la Mombasa tayari limemzidi pacha wake wa Nairobi, bure. Halafu wewe unafanya nini? Unang'oa kasha la filta la kiwandani, linalovuta hewa ya nje kule mbele, unaweka filta ya wazi ile yenye umbo la koni, iliyokaa katikati ya joto la injini. Hewa ikipanda kutoka digrii 35 hadi 65, inapungua uzito kama asilimia 9. Yaani umelipa pesa ili upunguze nguvu, lakini imetoa sauti ya "fyuuu" kwa hivyo umefurahi. Plagi mpya nne na filta safi ya kawaida zingekufaa zaidi.

Na hata ukipata hizo nguvu, utazitumia wapi? Mjini mwisho ni kilomita 50 kwa saa. Kutoka Mwembe Tayari hadi Ngome mimi sijawahi kuona gia ya nne ikiwa na kazi.

Breki, hapo ndipo mimi na vijana wenzangu tunakosana. Mtu ana rimu za inchi 17 zinameta, nyuma yake padi zimebaki nyembamba kama kashata ya mwisho sinia, na fluidi ya breki imekuwa rangi ya kahawa. Fluidi hii hunyonya unyevu wa hewani. Ile ya DOT 4 ikiwa mpya haichemki chini ya digrii 230. Ikishakunywa maji kiasi cha asilimia 3.7 hivi, kipimo kinashuka hadi 155. Hebu fikiria unyevu wa mji huu, mahali chumvi yenyewe inaganda kwenye kopo. Halafu uwe unateremka Mazeras nyuma ya malori, mguu haubanduki kwenye breki. Fluidi ikichemka inatoa mapovu, na mapovu yanabonyea. Unakanyaga, pedali inakwenda hadi chini, gari linaendelea na safari zake.

Kubadilisha fluidi nzima kunahitaji watu wawili. Mimi mtu wa pili ni dadangu mdogo. Anakaa kwenye usukani na simu yake. Nikisema "kanyaga" anakanyaga, nikisema "shika hapo" anashika, nafungua kinati nyuma ya gurudumu, fluidi chafu inatoka kwenye kimpira hadi kwenye chupa, nafunga, ndipo anaachia. Akiachia kabla sijafunga, hewa inaingia na tunaanza upya, na hapo undugu unajaribiwa. Naanza na gurudumu lililo mbali zaidi na tangi la fluidi, namalizia la karibu. Tangi lisikauke katikati ya kazi. Asubuhi moja, na ndiyo kazi yenye faida kuliko zote nilizowahi kulifanyia gari hili.

Halafu handbreki, ambayo hakuna mtu aliyewahi kuipiga picha akajisifu nayo. Sisi tuna feri. Tarehe 29 Septemba 2019 gari lilirudi nyuma kutoka kwenye MV Harambee pale Likoni, likatumbukia, mama na binti yake wakafa. Ilichukua karibu wiki mbili kuwatoa. Sisemi ilikuwa breki, si kazi yangu kusema. Nasema tu kwamba tangu siku ile sijapanda feri bila kuvuta handbreki hadi mwisho na kuacha gia ndani. Mwenye bibi yake Likoni, kama mimi, anavuka kila wiki, na siti ya nyuma haiko tupu. Waya wa handbreki hulegea pole pole hata usijue. Yako ikikaribia juu kabisa kabla haijashika, ikaze wiki hii. Ni nati ndogo tu, na spana yake unayo.

Springi nazo. Kuna mafundi wanakata springi kwa grainda ili gari liinamie chini. Springi iliyokatwa inakuwa ngumu na fupi, tuta la kwanza shoki inagonga mwisho wake, na matuta ya hapa tunayajua, mengine yamejengwa usiku na mtu mwenye hasira. Ukitaka gari lishike barabara, angalia tairi. Ubavuni kuna namba nne: 2314 maana yake ni wiki ya 23 ya mwaka 2014. Tairi ya mtumba yenye kashata nzuri ya miaka kumi na moja ni mpira mkavu tu, mvua ya Mei ikianza utaniambia.

Chumvi nayo haisemwi vya kutosha. Mabomba ya breki, nati za chini, waya za ardhi za betri, vyote vinaliwa kimya kimya. Wengine huosha chini ya gari kwa maji ya kisima. Ndugu yangu, visima vyetu vya kisiwani vingi ni maji ya chumvi! Unaosha chumvi kwa chumvi. Nunua madumu mawili ya maji matamu kwa mwenye mkokoteni, osha chini mara moja kwa mwezi, kausha, paka grisi kwenye ncha za betri.

Haya yote nimeyaandika kwa sababu ya binamu yangu. Amenunua hatchback yake ya kwanza, ana shilingi elfu sitini, na anataka egzosi, springi za chini na mtu wa kuchezea kompyuta ya injini. Ana watoto wawili anaowapeleka madrasa kwa gari hilo hilo. Tumebishana wiki nzima, kwa kahawa na bila kahawa. Anasema mimi nimezeeka kabla ya wakati wangu. Nikamwambia anipe funguo dakika tano. Nikavua gurudumu moja la mbele, nikampa ashike padi mwenyewe kwa vidole. Chuma kilikuwa kinakaribia chuma. Hakusema kitu, akaniuliza padi zinauzwa wapi.

Jumapili hii tunafanya za kwake: padi za mbele, fluidi yote, handbreki, na tairi mbili ikibaki pesa. Habari ya egzosi hajaiacha, ameisogeza mbele tu. Dadangu ameshasema akikanyaga pedali ya gari la mtu mwingine anataka kulipwa. Oili chafu msiimwage kwenye mtaro, inaishia bandari ya kale na samaki tunakula wenyewe; kuna fundi mbao jirani huichukua apake nguzo zisiliwe na mchwa, nishamwambia ajiandae na lita nne.