Kiwanja cha Akiba

Ijumaa jioni kwenye kituo cha vijana huwa tunaangalia filamu, kama betri ya sola ina nguvu. Wiki ile vijana walichagua filamu ya ajali za ndege. Nilitaka kukataa. Kesi yetu ya kwenda Marekani ilisimama Januari 2025, pamoja na kesi za familia nyingi hapa kambini, na tangu hapo kwetu neno ndege halitajwi. Mama alikuwa ameshapima mabegi kwenye mizani ya muuza maharage. Lakini vijana ni vijana. Nikawasha kompyuta.

Filamu yenyewe ilikuwa ya mambo ya kweli. Tarehe 24 Agosti 2001, ndege ya Air Transat namba 236, Airbus A330 yenye injini mbili, ilikuwa inatoka Toronto, Kanada, kwenda Lisbon, Ureno. Ndani kulikuwa na watu 306. Juu ya Bahari ya Atlantiki, usiku, mafuta yakaanza kuvuja upande wa injini ya kulia. Bomba lilikuwa limesuguana na bomba lingine mpaka likapasuka. Marubani, Robert Piché na Dirk DeJager, hawakujua. Waliona tu kwamba mafuta ya kulia yamepungua kuliko ya kushoto. Basi wakafungua njia ili tangi la kushoto lisaidie upande wa kulia. Kumbe walikuwa wanamwaga baharini hata yale mafuta mazuri.

Msichana mmoja wa kikundi chetu akaniuliza: "Yaya, hapo katikati ya maji ndege inatuaka wapi?"

Sikuwa na jibu. Wiki nzima nikawa nasoma kwenye simu, nikakuta kumbe swali lake hujibiwa kabla ndege haijaondoka. Zamani ndege ya injini mbili haikuruhusiwa kwenda mbali zaidi ya dakika 60 kutoka kiwanja, kwa mwendo wa injini moja. Kuanzia 1985 zikaanza kuruhusiwa dakika 120, baadaye 180. Kwa hiyo kila safari ya kuvuka bahari ina viwanja vya akiba vilivyoandikwa mapema, na marubani wanafuatilia hali ya hewa ya kule njia nzima, hata kama hawana nia ya kutua huko.

Nikajifunza mambo mawili mengine. La kwanza, kiwanja kilicho karibu si lazima kiwe ndicho kinachofaa. Kinaweza kuwa na ukungu, kimefungwa, au njia yake ya kutulia ni fupi. La pili, kuna mahali njiani ambapo kurudi ulikotoka na kuendelea mbele kunachukua muda uleule. Mahali hapo si lazima pawe katikati ya njia, kwa sababu upepo unapasogeza. Nilipolisoma hilo niliweka simu chini. Watu huwa wanatuuliza, "Si mrudi tu nyumbani, si ni hapo ng'ambo?" Kwenye ramani ni hapo tu, ni kweli. Lakini upepo je?

Turudi kwa akina Piché. Saa 11:45 alfajiri waliamua kuacha njia ya Lisbon na kugeukia Lajes, kwenye kisiwa cha Terceira, visiwa vya Azores. Wakati huo injini zote mbili zilikuwa bado zinafanya kazi. Na walikuwa bado hawajasadiki kwamba mafuta yanavuja. Walidhani huenda kompyuta inasema uongo. Lakini waligeuka. Saa 12:13 injini ya kulia ikazima. Saa 12:26 ya kushoto nayo ikazima, na Lajes ilikuwa bado mbali, kama kilomita 120. Walielea kimya dakika 19 bila injini. Walifika wakiwa juu mno, ikabidi wazunguke mzunguko mzima ili washuke. Saa 12:45 wakagusa chini kwa kishindo, matairi yakapasuka. Watu 18 waliumia. Hakuna aliyekufa.

Wangengoja mpaka waelewe kila kitu ndipo wageuke, wasingefika.

Sasa niseme ya kwetu. Mwaka 2023 tuliambiwa tujiandae. Mwezi ule nilikuwa nimepata nafasi ya kozi ya umeme wa sola, miezi tisa. Nikaiacha. Nilisema ya nini, tunaondoka. Mdogo wangu alikuwa mwaka wa sita wa sekondari, akaacha kwenda darasani. Mama akauza cherehani. Bustani haikulimwa misimu mitatu. Hakuna aliyetulazimisha. Tuliona upande mmoja unapungua, yaani matumaini, tukafungua njia na kumimina kila kizuri tulichokuwa nacho upande huo. Kesi iliposimama hatukuwa na injini hata moja.

Najua mfano huu una mwisho wake. Rubani ana usukani mkononi, sisi wetu uko kwenye ofisi ambazo hatujawahi kuziona. Hata kambi hii hatukuichagua kwa ramani. Ilikuwa wazi usiku tuliofika, tukatua. Ila cherehani ilikuwa ya kwetu. Na darasa lilikuwa la kwetu.

Kwa hiyo nawaomba ninyi mnaofanya kazi na mashirika: siku mnapoiambia familia "jiandaeni", ongezeni maneno machache tu, "lakini mtoto asiache shule, na jembe msiuze." Na sisi wenyewe kwa wenyewe tuache kumcheka anayelima wakati ana kesi. Huyo hajakata tamaa. Ameandika kiwanja chake cha akiba.

Ijumaa iliyofuata nikampa yule msichana jibu lake. Alifikiri kidogo, akasema: "Basi hao watu 306, kwenye tiketi yao hakuna hata mmoja aliyeandikiwa Lajes."

"Hakuna," nikamjibu.

Mwezi huu nimejiandikisha tena kwenye kozi ya sola. Mdogo wangu bado anaona haya kukaa na watoto aliowaacha nyuma, simlazimishi, namsindikiza tu mpaka mlangoni. Mabegi ya Mama yako palepale chini ya kitanda, na sijamwambia ayafungue. Ila juzi asubuhi nilimkuta nyuma ya nyumba na jembe la kuazima, anapanda mchicha.