Majina Yalipokuwa Bado Yanasomwa

Sisi tuliokulia kwenye vibanda umiza vya Dar es Salaam mwanzoni mwa miaka ya 1990 tulijua picha ni ya namna gani kabla stelingi hajatokea. Picha la Kihindi lilitanguliwa na cheti cha bodi ya ukaguzi, chenye mihuri na saini, na hata asiyejua neno moja la Kihindi alitulia kwenye benchi akijua leo kuna mapenzi, ngumi na kilio. Picha la Kichina lilikuja na ngao ya Shaw Brothers. Ikionekana tu, vijana kelele.

Mwanzo ulionikaa kuliko yote ni wa Sholay, filamu ya Ramesh Sippy ya mwaka 1975. Treni inaingia kwenye kituo kidogo, ofisa wa jela anashuka, mtumishi anampokea, wote wawili wanapanda farasi. Majina yanaanza kupita huku farasi wakikata majabali na nyika hadi kijijini, muziki wa R. D. Burman ukiwasindikiza. Hakuna risasi, hakuna maneno. Lakini safari hiyo inakuonyesha kijiji kilivyojitenga, na kwa nini majambazi wakikivamia hakuna msaada utakaowahi. Nilipoirudia ukubwani ndipo nilipotambua kwamba Gabbar Singh, mkuu wa majambazi hao, alikuwa ameanza kunitisha kabla sijamwona.

Baadaye, zama za DVD, nikakutana na kazi za Saul Bass, mchoraji wa Marekani. Kabla yake, majina katika filamu nyingi za Hollywood yalikuwa orodha tu, na kumbi nyingine zilikuwa hazijafungua hata pazia yanapopita. Mwaka 1955 Otto Preminger alimpa Bass kazi ya The Man with the Golden Arm, hadithi ya mtu aliyenaswa na heroini. Bass akatumia vipande vyeupe juu ya weusi, vinavyojipanga na kutawanyika hadi vinageuka mkono uliopinda vibaya. Kumbi zikapewa maagizo kwamba pazia lifunguliwe kabla ya majina.

Halafu kuna Psycho ya Alfred Hitchcock, ya mwaka 1960. Mistari inakimbia skrini nzima, inayakata majina vipande vipande, na fidla za Bernard Herrmann hazikupi nafasi ya kupumua. Hadithi yenyewe inaanza na mwanamke aliyeiba fedha za ofisini, kisa ambacho kingetosha filamu yoyote ya upelelezi. Ile mistari ndiyo iliyokwisha kukuonya kwamba mbele kuna akili iliyopasuka. Sijaona bado mwanzo mwingine uliofanya kazi kubwa hivyo kwa vitu vichache hivyo.

Mambo yaligeuka polepole. Star Wars ya George Lucas, mwaka 1977, iliweka maandishi ya hadithi yanayopanda angani, majina ya watu yakasubiri mwisho. Alipofanya vivyo hivyo mwaka 1980 katika The Empire Strikes Back, chama cha waongozaji kilimtoza faini, akalipa, akajitoa. Wengine wakamfuata. Walikuwepo waliobaki na moyo wa zamani, kama Kyle Cooper, ambaye kwenye Se7en ya mwaka 1995 alituonyesha mikono ya muuaji ikishona madaftari yake muda mrefu kabla ya sura yake. Lakini leo filamu nyingi kubwa zinakutupa moja kwa moja kwenye tukio, na tamthilia za Netflix zina kitufe cha kuruka utangulizi.

Filamu zetu za Bongo zilipojaa sokoni miaka ya 2000, nilizingoja kwa hamu. Nyingi zilifungua kwa matangazo ya filamu zijazo, kisha majina juu ya magari yanayopita barabarani, na wimbo ambao ungefaa filamu nyingine yoyote. Ya kuchekesha na ya kutisha zilianza sawasawa. Iliniuma, na bado inaniuma, kwa sababu hapo tatizo si fedha. Mkono wa Bass ulikuwa umbo la kukata kwa mkasi.

Waongozaji wetu, tunao wachoraji wa Tingatinga, wabunifu wa khanga, wapiga zeze na waandishi wa hati nzuri za mkono. Waiteni mapema, hadithi ingali inaandikwa, muwakabidhi dakika mbili za mwanzo.